Cheni Inaruka, Gia Zinagoma, Breki Inalia: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Malalamiko ya wapenda baiskeli yanajirudia. Mmoja kanunua cheni mpya, sasa inaruka kuliko ile ya zamani. Mwingine kapata direila (kile kifaa kinachohamisha cheni kati ya gia) nzuri ya mtumba, kaifunga, na gia hazikai. Wa tatu kabadilisha pedi za breki mara mbili na mlio uko palepale. Wote wametoa pesa, na wote walibadilisha kipuri kilichokuwa kinapiga kelele, si kile kilichokuwa kimeharibika. Kwenye baiskeli hivyo viwili mara nyingi havikai mahali pamoja.

Mwongozo huu ni kwa wenye baiskeli za gia za mtumba, hasa zile za magurudumu ya inchi 26 zinazokuja kwa makontena, ambazo huwa zimeshabadilishwa vipuri na mtu mwingine kabla hazijakufikia. Wenye Phoenix na Hero nao wana sehemu yao humu. Kila tatizo nimeliorodhesha kwa dalili, nikianza na chanzo kinachotokea sana na ukaguzi usiogharimu chochote.

Vifaa vya kuanzia: funguo za alen namba 4, 5 na 6, bisibisi ya nyota, rula yenye inchi, vitambaa safi na kichupa cha mafuta mepesi. Na osha baiskeli kwanza. Nusu ya nyufa, nyaya zilizochanika na nati zilizolegea huonekana wakati wa kuosha tu.

Dalili: cheni inaruka unapokanyaga kwa nguvu

Kabla ya yote, angalia inaruka lini. Ikiruka kwenye gia mbili tatu tu na kwingine imetulia, tatizo liko kwenye meno ya nyuma. Ikiruka kwenye gia zote, lakini kila baada ya mizunguko kadhaa ya pedali, kuna pingili moja iliyokaza. Ikiwa pedali inateleza mbele nzima bila kushika kitu, hiyo ni friwili, kile kifaa cha nyuma kinachokuwezesha kuacha kukanyaga gurudumu likiendelea kuzunguka.

Chanzo cha kwanza, na kinachoongoza kwa mbali, ni uchakavu wa cheni na meno kwa pamoja. Kutoka pini moja ya cheni hadi inayofuata ni nusu inchi, kwa hiyo pingili 24 lazima zitimize inchi 12 kamili. Weka sifuri ya rula katikati ya pini, cheni ikiwa imenyooka, kisha tazama kwenye 12. Pini ikiangukia hapo hapo, cheni ni nzima. Ikiwa imepita kwa 1/16 ya inchi, yaani kama milimita 1.5, badilisha cheni sasa hivi, na sproketi zako (magurudumu ya meno ya nyuma) huenda zikapona. Ikiwa imepita kwa 1/8, umechelewa: meno ya nyuma yameshalika kufuata cheni iliyorefuka, na cheni mpya haitalala ndani yake. Ndiyo maana cheni mpya inaruka na ya zamani ilikuwa hairuki. Si feki, na muuzaji hajakuibia. Inakutana na meno yaliyozoea cheni ndefu.

Meno yenyewe yatazame kwa karibu, mwanga ukitoka nyuma yake. Jino zima lina miteremko inayofanana pande zote mbili. Lililokwisha limeinama upande mmoja, ubavu unaovutwa na cheni umechimbika, na ukingoni kuna ukucha mdogo wa chuma unaong'aa ambao unaukwaruza ukipitisha kidole. Kwa kawaida zinazotangulia kufa ni sproketi za katikati, kwa sababu ndizo tunazoendeshea kila siku.

Chanzo cha pili ni pingili iliyokaza. Zungusha pedali kinyumenyume polepole huku macho yakiwa kwenye vigurudumu viwili vidogo vya direila. Pingili mbovu inapita pale ikiwa imepinda na kufanya mkono wa direila urukeruke. Tia tone la mafuta, ishike cheni kwa mikono miwili, vidole gumba pande mbili za pini, uipinde kushoto na kulia kidogo hadi ilegee. Ikikaza tena baada ya siku chache, kutu imeingia ndani, usihangaike nayo.

Cha tatu ni gia kutokuwa kwenye mstari, nacho kina sehemu yake hapa chini.

Cha nne, kisichotokea sana lakini hatari, ni friwili. Ndani yake kuna vikucha vidogo vinavyosukumwa na springi ili vishike meno. Grisi ikiganda au springi ikivunjika, vikucha havitoki kwa wakati. Acha kuiendesha. Ukiwa umesimama juu ya pedali mlimani, na pedali ikaachia ghafla, kifua kinakwenda kwenye usukani na wewe unakwenda barabarani. Friwili ya kuzungushwa kwenye hubu (kitovu cha gurudumu) hubadilishwa nzima, na kuifungua kunahitaji kifaa chake maalumu na spana ndefu, kwa kuwa kila ulipokanyaga uliikaza zaidi. Mpelekee fundi mwenye kifaa hicho. Anayetaka kuitoa kwa patasi na nyundo, ondoka na gurudumu lako.

Neno moja kuhusu mafuta, maana hapa ndipo cheni nyingi zinapouawa. Oili chafu ya gari isiguse baiskeli yako. Imeshabeba masizi na chembe za chuma, na kwa uzito wake inashika vumbi lote la njiani. Mafuta ya cherehani ni afadhali, ingawa ni mepesi na yanataka kurudiwa mara kwa mara. Tia tone moja kwa kila pingili upande wa ndani, zungusha, subiri, kisha futa nje ya cheni hadi kitambaa kitoke karibu kikavu. Mafuta yanafanya kazi ndani ya pini. Yaliyobaki nje yanakusanya mchanga tu. Kwa walio Zanzibar, Tanga, Mombasa na Lamu, kufuta kusiwe jambo la mwisho wa wiki. Upepo wa chumvi hausubiri.

Dalili: gia hazikai, zinajibadilisha zenyewe au zinachelewa

Waya mpya kulegea kidogo ndicho chanzo cha kawaida kuliko vyote. Pale ganda la waya linapoingia kwenye direila, au kwenye kitufe cha gia, kuna nati ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Cheni ikichelewa kupanda kwenda sproketi kubwa, zungusha nati kinyume cha saa, nusu mzunguko kwa wakati mmoja, ili waya ukaze. Ikichelewa kushuka kwenda sproketi ndogo, waya huenda umekaza kupita kiasi, lakini mara nyingi zaidi umenata.

Kunata kuna mahali pake maalumu: kile kipande kifupi cha ganda kinachokunja nyuma na kuingia kwenye direila. Maji na tope vinatelemka na waya hadi humo, na havitoki. Chomoa waya. Ukikwama au ukitoka na uchafu wa kahawia, badilisha kipande hicho tu. Ni sentimita chache za ganda, bei yake ndogo, na kimewaokoa wengi waliokuwa wamekwisha kuamua kununua direila.

Unaponunua ganda, jua kwamba yapo ya aina mbili. La gia lina nyuzi za chuma zilizonyooka kwa urefu. La breki limezungushiwa chuma kama springi. Likate mwisho wake utaona tofauti. Usiweke kamwe ganda la gia kwenye breki. Ukibana breki kwa nguvu, nyuzi zilizonyooka zinaweza kupasuka nje, na hapo breki imekwisha mahali ulipoihitaji.

Chanzo kinachofuata ni sikio lililopinda, yaani kile kipande cha fremu kinachoshikilia direila. Baiskeli iliyoangukia upande wa kulia, au iliyosafiri kwenye buti ya basi chini ya magunia, sikio lake karibu kila mara limeingia ndani. Simama nyuma ya baiskeli, uchuchumae, utazame: vigurudumu viwili vya direila vinapaswa kuwa kwenye mstari wa wima mmoja na sproketi iliyo juu yake. Vikiegemea ndani, hakuna nati itakayokusaidia. Fremu ya chuma inavumilia kunyooshwa na fundi mwenye kifaa. Sikio la alumini likinyooshwa mara ya pili au ya tatu hupasuka, kwa hiyo kama lako ni la kufungwa kwa skrubu, tafuta jingine.

Hapa pana onyo kubwa. Weka gia nyepesi kabisa, zungusha pedali kwa mkono, uone direila iko umbali gani na spoku. Kama inazigusa au inakaribia kuzigusa, usiendeshe hata hadi dukani. Ikiingia kwenye spoku inavunjika yenyewe, inakata spoku, na inaweza kuipotosha fremu. Skrubu yenye herufi L ndiyo inayoizuia isipite kuelekea spoku; yenye herufi H inazuia upande wa nje. Kama sikio limepinda, rekebisha sikio kwanza, skrubu baadaye.

Halafu kuna vipuri visivyoelewana, na hapa nataka wapenda kuboresha baiskeli wakae kidogo. Kitufe cha gia kinavuta waya kwa kiasi fulani, direila inageuza mvuto huo kuwa mwendo, na mwendo huo lazima ulingane na nafasi kati ya sproketi. Kaseti (seti ya sproketi za nyuma) ya kampuni ya Shimano ya gia 7 ina milimita 5 kutoka sproketi hadi sproketi, ya 8 ina 4.8, ya 9 ina 4.35. Direila za Shimano za milimani za gia 6 hadi 9 zinaweza kubadilishana. Zile za gia 10 za milimani zinahitaji mvuto tofauti, na SRAM, kampuni nyingine ya vipuri, ana hesabu zake. Kwa hiyo ukifunga direila nzuri ya gia 10 kwenye baiskeli yenye vitufe vya gia 8, unaweza kushinda kutwa nzima unazungusha nati. Dalili yake iko wazi: gia ya kwanza inakaa sawasawa, ya tatu inanong'ona, ya tano inaruka, na ukiirekebisha ya tano, ya kwanza inaharibika. Sikio lililopinda nalo huleta dalili hiyo hiyo, ndiyo maana nimelitanguliza: kulikagua ni bure.

Nafuu na salama zaidi ni kununua kitufe, direila na kaseti kutoka familia moja, hata kama ni ya daraja la chini. Seti ya kawaida inayoelewana hubadilisha gia vizuri kuliko vipuri vya bei mbaya vilivyookotwa huku na kule.

Dalili: breki inalia, au unabana na baiskeli haisimami

Kwa breki za kubana rimu, anza na uchafu. Mafuta ya cheni yaliyorukia rimu yanatosha kuleta kelele na udhaifu kwa pamoja. Osha rimu kwa maji ya sabuni, ikauke, ipanguse kwa spiriti. Kisha zitoe pedi uzitazame usoni. Zikiwa zinang'aa, zimekauka. Zikwaruze kwa msasa. Zikiwa na vidoa vya fedha, hivyo ni vipande vya alumini ya rimu yako vilivyozama kwenye mpira. Vitoe kimoja kimoja kwa sindano, vinginevyo pedi inaendelea kuichonga rimu. Mlio ukibaki, funga pedi ili ncha yake ya mbele iguse rimu kwanza na ya nyuma ibaki na nafasi ya unene wa kadi ya simu.

Kama umebadilisha mikono ya breki na mambo yakaharibika, huenda mkono na breki havilingani. Breki za V (mikono miwili mirefu inayosimama pande mbili za tairi) zinahitaji waya uvutwe karibu mara mbili ya breki za kalipa (upinde mmoja unaopita juu ya tairi). Mkono wa kalipa kwenye breki ya V unagonga usukani kabla baiskeli haijasimama. Mkono wa V kwenye kalipa unahisi mgumu, unabana kwa nguvu zote, na baiskeli inaendelea kwenda. Hali zote mbili ni hatari na hazina marekebisho zaidi ya kupata mkono unaofaa.

Wenye Phoenix na Hero: rimu ya chuma yenye kromu ikilowa, breki inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Huo si ubovu. Siku ya mvua anza kubana mapema, maji yafutike. Wengi huwaza kuweka rimu za alumini, nazo kweli zinashika vizuri zaidi, lakini breki za vyuma vinavyovutwa hubana rimu kwa upande unaotazama hubu, wakati rimu nyingi za alumini zimetengenezwa kubanwa ubavuni. Ukibadili rimu, jiandae kubadili na mfumo mzima wa breki.

Breki za diski zikilia, fikiria mafuta kwanza. Mtu aliyepuliza mafuta kwenye cheni bila kufunika diski ameshaziharibu. Safisha diski kwa spiriti na kitambaa kipya. Pedi zilizofyonza mafuta kwa kawaida ni za kutupa. Diski za Shimano zisizidi kwisha chini ya milimita 1.5, na unene huo huandikwa kwenye diski yenyewe. Mkono wa breki ya mafuta ukiwa laini na unazama, hewa imeingia. Hapo soma jina kwenye mikono ya breki: Shimano hutumia mafuta ya madini, breki nyingi za SRAM hutumia mafuta ya DOT, aina ile ya breki za magari. Ukiyachanganya, mipira ya ndani inavimba au kuoza na breki inaacha kufanya kazi. Mafuta ya breki ya gari usiyatie kwenye Shimano, hata fundi akikuapia. Kazi hii mpe mwenye sindano na mirija ya kutolea hewa.

Acha kuendesha mara moja kama waya umechanika uzi hata mmoja pale kichwani, ndani ya mkono wa breki. Vilevile kama ubavu wa rimu umebonyea ndani unapopitisha kidole: rimu hiyo imelika, na presha ya tairi inaweza kuipasua.

Dalili: inalia kila ukikanyaga

Watu hukimbilia beringi za katikati, pale krenki (mikono inayoshika pedali) zinapozungukia. Ziache mwisho. Simama juu ya pedali uendelee kukanyaga: mlio ukikoma, ni siti au bomba lake. Chomoa bomba, futa, paka grisi kidogo, rudisha, kaza. Mlio ukiendelea, fungua pedali zote mbili, safisha nyuzi, tia grisi, funga tena. Kumbuka pedali ya kushoto ina nyuzi za kinyume: inafungwa kwa kuizungusha kinyume cha saa. Krenki nyingi zimekufa mikononi mwa mtu aliyesahau hilo.

Baadaye kagua bolti za krenki. Shika krenki mbili, zitikise kwa kupishana. Moja ikicheza peke yake na ni ya tundu la mraba, kaza bolti na usiendeshe ikiwa imelegea, hata kilomita moja. Alumini ni laini kuliko ekseli. Tundu likishakuwa duara, halirudi kuwa mraba.

Kwenye Phoenix na ndugu zake krenki inashikwa na pini. Pini iliyolika hutoa mlio wa kugonga mara mbili kwa kila mzunguko. Kuigonga ni kazi ya dakika chache, ila krenki iegemezwe chini kwa kipande cha bomba kinachofika sakafuni. Ukigonga ikiwa hewani, pigo linakwenda kwenye gololi na kuacha mashimo kwenye vikombe.

Kikombe cha kulia cha katikati, kwenye fremu nyingi za kisasa, nacho kina nyuzi za kinyume. Kama huna kifaa chake, usijaribu. Na kama mlio unatoka mahali penye mstari mwembamba wa kutu juu ya rangi, karibu na maungio ya mabomba, huo unaweza kuwa ufa. Baiskeli isimame hapo. Chuma huchomelewa na fundi mzuri. Fremu ya alumini iliyochomelewa mtaani hubaki dhaifu pembeni mwa weldi kwa sababu ya moto.

Dalili: pancha kila wiki

Kabla ya kutoa tyubu, weka alama ya mkao wake kwa kufuata valvu. Tundu upande wa nje: mwiba, waya au kioo, na huenda bado kimo. Pitisha pamba ndani ya tairi. Itanaswa penye mwiba bila kukuchoma. Tundu upande wa ndani: kichwa cha spoku, au utepe wa rimu uliosogea. Matundu mawili sambamba: uliendesha na upepo mdogo ukagonga jiwe. Hakuna tundu kabisa na upepo unapungua: kwenye valvu za zamani, badilisha kimpira cha ndani kabla ya kulaumu tyubu.

Unaponunua tairi, acha kusoma inchi peke yake. Soma namba ya tarakimu tatu ubavuni. Tairi la inchi 26 la baiskeli ya milimani ni 559, lakini 26 × 1 3/8 ni 590. Phoenix ya 28 × 1 1/2 ni 635, ilhali tairi la 700C, ambalo nalo huitwa 28, ni 622. Tairi la 635 kwenye rimu ya 622 linaweza kuingia kwa urahisi wa kukufurahisha, kisha likachomoka ukiwa kwenye mwendo.

Dalili: gurudumu linayumba, spoku zinakatika

Shika rimu uitikise kushoto na kulia. Ikigonga kwenye hubu, tatizo ni koni (nati za ekseli zinazobana gololi) na gololi zenyewe, wala si spoku. Nyuma kwa kawaida huingia gololi 9 za 1/4 ya inchi kila upande, mbele 10 za 3/16. Badilisha zote kwa pamoja. Mpya zikichanganywa na zilizolika, mpya ndizo zinazobeba mzigo wote.

Spoku zinazokatika nyuma upande wa sproketi, kwenye kona, moja leo na nyingine wiki ijayo, zimechoka zote. Kuziba moja moja hakumalizi. Gurudumu lisukwe upya, hasa kama unabeba madumu ya maji au abiria. Kunyoosha mtikisiko mdogo unaweza mwenyewe, robo mzunguko kwa kila nati. Ukiona ufa kwenye rimu kando ya tundu la spoku, usikaze kitu chochote. Toa upepo kwenye tairi, utafute rimu nyingine yenye idadi ileile ya matundu na hubu yako.